Nani alikudanganya gari ya spoti ni ya lami?

Kila mwenye gari ya chini hapa Uganda hii sentensi anaijua. Unapaki pale Ntinda, hata injini hujazima vizuri, jamaa anatokea kusikojulikana anaizunguka gari, anainama anachungulia chini ya bampa, anasimama anatikisa kichwa, "Gari nzuri, lakini kwa barabara zetu hizi hapana." Alafu anaingia kwa Vitz yake, ambayo ukipima na rula iko chini karibu sawa na yangu, anaondoka zake anapita mashimo yote ya Kampala bila wasiwasi. Nimeacha kubishana. Siku hizi nataja jina moja tu, Shekhar Mehta, na mtu akiniuliza huyo ni nani basi imekula kwake, atasimama pale nusu saa.

Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mtoto wa hapa hapa. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, familia yake ikahamia Kenya, na Pasaka iliyofuata, 1973, huyu kijana aliyefukuzwa kwao akashinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya huku Afrika Mashariki, na Datsun 240Z, pembeni yake Lofty Drews akimsomea njia. Na haikuwa ushindi wa hivi hivi. Yeye na Harry Källström wa Sweden, naye kwa Datsun lakini ya 1800 SSS, walimaliza na adhabu za kuchelewa sawa kabisa, hebu fikiria, maelfu ya kilomita za tope na vumbi na usingizi wa mang'amung'amu alafu hesabu zinagongana, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ni Mehta. Baadaye akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, jumla mara tano. Lakini inayonishika mimi ni ile ya 1973, na ni kwa sababu ya gari.

240Z ni gari ya spoti kamili, hakuna mjadala. Milango miwili, viti viwili, boneti ndefu inayokwenda mpaka unasahau inaishia wapi, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, nguvu za farasi kama 150, na tairi za nyuma ndo zinasukuma. Hakuna fowili, yaani tairi zote nne kusukuma, hakuna tabo ya kushindilia hewa kwenye injini, hakuna kompyuta ya kukuokoa ukiingia kona na ujinga. Iliundwa zaidi kwa ajili ya Wamarekani wa kule California wanaotaka kitu chenye sura ya Jaguar kwa bei ya kawaida. Na hiyo hiyo gari ya kutongozea watu ufukweni ndo ilikuja huku ikashinda Safari ya 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, Mehta akiwa wa pili na nyingine kama hiyo hiyo, alafu ikarudi 1973 ikashinda tena.

Sasa mtu aniambie barabara za 1971 zilikuwa bora kuliko za leo.

Safari ilianza 1953, wakati wa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na miaka ile haikuwa ya Kenya peke yake, ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni hata madaraja ya mashindano yalipangwa kwa bei ya gari dukani, sio kwa ukubwa wa injini, maana waanzilishi walitaka kujua kitu kimoja tu ambacho kila mnunuzi wa Afrika Mashariki alitaka kujua, pesa yangu hii ikinunua hii gari itafika? Barabara hazikufungwa, unakutana na ng'ombe, unakutana na lori la pamba, mto umefurika unasubiri ama unajitosa. Magari yaliyofika yalifika kwa sababu yalikuwa na springi zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, shoku za nguvu, bamba la chuma chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, na tairi zenye ukuta mrefu. Angalia picha za zile 240Z, zimesimama juu, zimejaa matope mpaka kwa vioo, na bado ni nzuri kuliko zile zinazong'arishwa kwa maonyesho. Kwangu mimi ni nzuri zaidi kwa sababu ya hayo matope.

Mapenzi yangu mimi yalianzia Malaba, mpakani na Kenya, na nadhani mtu akizaliwa Malaba ni ama apende magari ama ayachukie kabisa. Kila kitu chenye magurudumu kinachokwenda Kampala, Kigali, Juba ama Bunia kinapita kwetu ama kwa wenzetu wa Busia. Tulikuwa tunakaa ukutani karibu na foleni ya malori tunaangalia magari ya transiti kutoka Mombasa, yamebandikwa makaratasi kwa kioo, viti bado vina nailoni, madereva wamechoka wanakunywa chai wakibishana kwa Kiswahili cha kila nchi. Corona, Corolla, Noah, Ipsum, hizo hazikutushughulisha. Tulikuwa tunasubiri lori la kubebea magari lenye kitu kimefunikwa turubai, kwa sababu turubai maana yake kuna mtu mahali fulani hataki ichafuke. Baba mdogo alikuwa dereva wa transiti na ndiye aliyenifundisha kutambua gari kabla ya kuiona. "Nyamaza kwanza, sikiza," anasema, na kweli, kwa mbali upande wa Kenya unasikia kitu kinakoroma mm-brr, mm-brr, anasema hiyo Subaru, ya tabo hiyo, ngoja uone, na inatokea Impreza ya bluu yenye pua kwenye boneti.

Ule mkoromo una sababu, sio uchawi na sio eksosi kubwa tu kama vijana wa mjini wanavyodhani. Injini ya Subaru ni bokza, pistoni zimelala zinapigana ngumi kushoto na kulia badala ya kusimama wima. Kwa zile Impreza za zamani mabomba ya eksosi yanayotoka kwenye silinda hayana urefu sawa, ya upande mmoja yana njia ndefu kuliko ya upande mwingine, kwa hiyo milipuko inafika mwisho kwa vipindi visivyolingana, mmoja unawahi mwingine unachelewa. Ukiiwekea mabomba yenye urefu sawa ule mlio unakufa, gari inabaki inalia kama zingine zote, na kuna watu wanalipa pesa kufanya hivyo kwa sababu tabo inapumua vizuri zaidi. Mimi siwaelewi hao watu. Kuna nguvu ambayo haifai kununuliwa kwa bei hiyo.

Na hapo niseme kwa nini Subaru na Mitsubishi Evo ndo dini ya hapa kwetu, maana wageni wanashangaa wakiona kila kijana mwenye gereji Ndeeba ana mojawapo. Rali ndo sababu moja. Charles Muhangi alichukua ubingwa wa Afrika 1999, na toka hapo kila mtoto alijua kwamba Mganda anaweza. Mwaka 2011 Susan Muwonge akawapiga wanaume wote akawa mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa wa taifa, na kuna vijana wazima mpaka leo hilo hawajalisahau. Kama hujawahi kusimama pembeni ya barabara ya maramu, isiyo na lami, siku ya Pearl of Africa Rally, watu wamepanda miti, boda boda zimepangwa, mama anauza gonja, alafu ghafla kimya cha sekunde mbili na wote wanageuza shingo upande mmoja, hujui kitu.

Sababu ya pili ni hewa, na hii hawaisemi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta tu ile hewa iliyoko, kwa hiyo inapoteza zaidi ya asilimia kumi ya nguvu yake bila kosa lolote. Ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, inakaribia asilimia ishirini. Injini ya tabo yenyewe inashindilia hewa kwa nguvu, kwa hiyo inajifidia sehemu kubwa. Mimi naendesha Altezza RS200, lita 2, gia sita za mkono, Toyota waliandika farasi 210 na zote hizo ziko huko juu kabisa, mizunguko 7,600 kwa dakika. Huko Japani karibu na bahari sawa. Hapa Kampala nikipiga hesabu nabaki na kama 185, na jirani yangu mwenye Forester ya tabo, gari ya kubebea watoto shule, ananiacha kwenye taa za Jinja Road huku mke wake anakula chipsi. Banange. Lakini ile Altezza ukiipeleka juu mpaka inapiga kelele yote, gia ya pili, kona imefunguka mbele, na uzito wote unaenda kwa tairi za nyuma unauhisi mgongoni, wee, siuzi.

Kuna mzee mmoja Jinja, jina lake silitaji maana hapendi wageni, ana 240Z ya kweli. Aliinunua Kenya zamani, ikaja kwa barabara hadi hapa. Nilipelekwa na fundi wangu, Hajji, ambaye alikuwa anakwenda kumsawazishia kabureta, na mimi nikajipachika kama msaidizi. Nilitegemea tutafungua laptop. Hajji akatoa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono hivi, basi. Kila kabureta inalisha silinda tatu, na zote mbili lazima zivute hewa sawa, la sivyo nusu ya injini inafanya kazi na nusu inategea. Injini inanguruma polepole, Hajji anaweka ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa kabureta ya mbele na nyingine sikioni, anasikiliza ile hewa inavyopita, sssss, anahamia ya nyuma, anarudi ya mbele, anazungusha skrubu robo, anasikiliza tena. Mzee amesimama kimya mikono nyuma. Alafu Hajji akanipa mimi mpira. "Sikiza kijana. Hii inasema nini?" Nikasema inalia juu kidogo kuliko ile. "Ehe. Sasa hiyo juu kidogo ndo mafuta ya mzee yanapotea." Akageuza tena, nywele tu, na injini nzima ikatulia, hata kioo cha pembeni kikaacha kutetemeka.

Mzee akaniambia panda. Hakunipa usukani, hapana, nilikaa kushoto kama Lofty Drews. Nilidhani tunakwenda darajani, lile jipya la Nile, tupite lami safi tupige picha. Akakata upande wa Kakira, tukaingia barabara za miwa. Vumbi jekundu, miwa ukuta huku na huku, trekta la miwa linakuja mbele na tela mbili zimejaa, na huyu mzee mwenye umri wa babu yangu anashusha gia, anaingiza ya tatu, na ile gari haikuruka wala kugonga chini, ilikuwa inaelea. Usukani hauna pawa, unauona mikononi mwake unacheza cheza, kila jiwe linamwambia kitu, na yeye haubani, anauacha ucheze. Kwenye kona ya kushoto mkia ukatoka kidogo, akaurudisha bila hata kuacha kuongea. Alikuwa ananiambia bei ya sukari.

Nilimuuliza kama haogopi kuiharibu, gari ya thamani vile. Akasema Datsun iliyokaa stoo inaharibika haraka kuliko inayotembea, sili zinakauka, tangi linaota kutu, panya wanakula waya. Basi.

Sasa kinachoniudhi. Tangu 2018 sheria ya barabara imekataza kuingiza gari iliyopita miaka 15 toka itengenezwe, na zile ambazo hazijafika huko lakini zimezeeka zinalipa tozo ya mazingira juu ya ushuru wa kawaida ambao peke yake unatosha kukulaza. Sipingi sababu. Moshi wa Kampala naupumua mimi pia, na kuna mikweche ilikuwa inaletwa hapa ambayo haikupaswa hata kutoka bandarini. Lakini angalia inamaanisha nini kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu. Altezza zilitengenezwa 1998 mpaka 2005, zimeisha. Impreza zile za mwanzo, zimeisha. Supra ya 1993 mpaka 2002, ile kila mtu anaitaka, sahau. Zilizopo nchini ndo hizo hizo, na kila moja ikigongwa inakwenda Kisekka, soko la spea la Kampala, inafunguliwa mpaka skrubu ya mwisho, kesho utakuta mlango wake kwa gari ya mtu mwingine. Kwa hiyo nikiona kijana amekata springi za Celica kwa grainda ili ikae chini, jamani, naumia. Springi iliyokatwa haina tena nafasi ya kupanda na kushuka, shoku inagonga mwisho wake kila shimo, baada ya muda mfupi boli zimelegea, bushi zimepasuka, sampu imepigwa, na huyo kijana ndo wa kwanza kukwambia gari za spoti haziwezi barabara zetu. Umeikata miguu alafu unalalamika haikimbii.

Kinachonifurahisha ni kwamba wenyewe walioziunda wameanza kukumbuka. Porsche, kampuni ambayo 911 yake imekuwepo toka 1963, mwaka 2022 wakatoa 911 Dakar, 2,500 tu kwa dunia nzima, imeinuliwa milimita 50 juu ya Carrera yenye suspenshini ya spoti, ukibonyeza swichi inapanda nyingine 30, na tairi za vifundo vya kukanyagia mawe. Jina wamelitoa kwenye rali ya Paris-Dakar, kwa sababu waliishinda 1984, na mimi naelewa, mtu anajisifia alikoshinda. Maana ile Safari ya enzi zile iliwashinda hao Porsche. Sobiesław Zasada alimaliza wa pili 1972 na 911, Vic Preston mdogo wa Kenya akawa wa pili 1978, karibu karibu kila mara, na kikombe kinachukuliwa na Ford, na Peugeot. Ilibidi wasubiri mpaka 2011 Björn Waldegård, tayari babu wa miaka 68, akiwa na mwanawe pembeni, ashinde East African Safari Classic na 911 ya zamani. Miezi michache baada ya ile Dakar kuonyeshwa, Lamborghini nao wakaanza kuuza Huracán Sterrato, V10, imeinuliwa, ina taa za rali puani, 1,499 basi. Matajiri wa Dubai wanazipeleka jangwani kupiga picha. Sawa, pesa yao. Lakini wazo lenyewe, gari ya spoti iliyosimama juu kidogo yenye tairi nene ya maramu, hilo wazo liliiva kwenye tope la Afrika Mashariki wakati baba zetu ni watoto, na ningependa siku moja mtu wa matangazo aliseme.

Za kisasa kwa jumla nina ugomvi nazo kidogo, sio mkubwa. Zina kasi ya kuchekesha. Lakini kasi ile utaitumia wapi? Barabara yetu pekee ya maana ya kasi ni ile ya Kampala kwenda Entebbe, unalipa shilingi 5,000 langoni kisha kibao kinakwambia kilomita 100 kwa saa na polisi wako na kamera. Gari ya farasi 600 kwenye kilomita 100 imelala usingizi. Usukani wa umeme haukwambii kitu, gia zinabadilika zenyewe haraka kuliko mtu anavyoweza kufikiri, na wewe umekaa pale abiria mwenye leseni. Linganisha na Ferrari F40 ya 1987, ambayo sijawahi kuiona kwa macho na labda sitaiona, ile ukitaka kufungua mlango kwa ndani unavuta kamba, hakuna redio, hakuna ABS, hata breki hazina sava, unakanyaga kwa mguu wako mwenyewe, na nyuma ya mgongo V8 ya tabo mbili inasubiri ukosee. Hicho kitu kinakuheshimu. Ama kinakudharau, lakini angalau kinajua uko ndani.

Ya kisasa ninayoitamani kweli ni ndogo tena, GR Yaris. Toyota waliitoa 2020 kwa ajili ya mambo ya rali, silinda tatu tu, lita 1.6, tabo, tairi zote nne zinavuta, gia sita za mkono. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, na mwaka 2022 Toyota walishika nafasi ya kwanza mpaka ya nne kule Naivasha na gari ya rali yenye jina hilo, Rovanperä mbele, na kile kivumbi cha fesh fesh kinaingia mpaka ndani ya gari, madereva wanaendesha hawaoni dashibodi. Na kwa sheria yetu ya miaka 15, zile za 2020 zinaruhusiwa kuingia mpaka karibu 2035. Kwa hiyo nina muda wa kutafuta pesa. Mke wangu akisoma hapa, ni utani.

Kwa sasa barabara yangu ni ya Kapchorwa. Kutoka nyumbani Malaba napitia Tororo, Mbale, Sironko, na ukifika Muyembe mlima unaanza. Lami ni nzuri, kona zinafuatana, kulia ukuta wa mwamba, kushoto bonde linafunguka mpaka tambarare ya Karamoja huko chini, na hewa inapoa kila kilomita. Ni barabara ya gia ya pili na ya tatu, huhitaji kabisa kupita 70. Asubuhi mapema tu, kabla ya malori ya matoke, na uangalie sana boda wanaoteremka wamezima injini kuokoa mafuta, huwasikii, unakata kona unakuta mtu na mikungu minne anakujia kimya kimya kama malaika. Pale karibu na Sipi unapaki, unakunywa kahawa yao, injini inalia tik tik tik inapoa, na lazima atokee mtu aje achungulie chini ya bampa.

Nyuma ya Sipi kuna njia za maramu zinazoingia mashambani na hizo ndo zilinifanya nibadilishe tairi. Altezza yangu ilikuja na 215/45 kwenye rimu za inchi 17, ukuta wa tairi ni milimita kama 97 tu, kila jiwe linagonga rimu. Nikarudi kwenye rimu za 16 na 205/55, ukuta unafika kama 113, kipenyo kizima kinabaki karibu kile kile kwa hiyo spidomita haidanganyi sana, na gari ikapanda kidogo. Vijana wananicheka, wanasema inaonekana gari ya mwalimu. Hajji naye anataka niongeze springi ndefu kidogo na bamba la sampu, na juzi tumebishana sana pale gereji kwa sababu mimi naogopa itaharibu jinsi inavyokata kona, yeye anasema, "Kijana, utakata kona gani na sampu imetoboka?" Bamba nimekubali. Springi bado tunazungumza.

Shida yenyewe kubwa sasa hivi wala haiko chini, iko kwenye gia boksi. Gia ya tatu imeanza kukwaruza nikiiingiza haraka, sinkro, kile kinachofanya gia iingie laini, imeisha, na boksi ya hizi RS200 ni ile J160 ya gia sita ambayo Kisekka wanakuletea za otomatiki wanakuapia kwa Mungu ni yenyewe. Sitaki ya otomatiki. Kama kuna mtu Kampala, Mbale, hata Eldoret ana J160 ya mkono imekaa stoo, nzima ama imefunguliwa, sinkro za tatu ziko sawa, anitafute tuongee bei, na tafadhali asinipigie aniambie hii gari haifai barabara zetu.